Nitumie Rangi ya Maji

Tarehe 9 Februari

Mdogo wangu Ndoana,

Barua yako nimeipata. Nimeisoma mara mbili nikitafuta kitu cha kunisaidia, sikukiona. Nakuuliza maji ya bwawa yana rangi gani, unanijibu "ya kawaida." Kawaida ni rangi gani? Kwenye rafu yangu nina chupa za nyekundu, nyeusi, buluu, njano, kijani, kahawia na zambarau. Ya kawaida sina. Ukiiona dukani ninunulie.

Nikueleze tena, maana mara ya kwanza nilipokueleza ulikuwa unakula. Plastiki ninayotengenezea vyambo huja ikiwa ya maji, nyeupe kama maziwa. Naipasha moto kwenye sufuria ndogo huku nakoroga. Inakuwa nzito kama uji, halafu inalegea tena na kuwa angavu. Hapo ndipo natia matone ya rangi na chembe za kumeta, namimina kwenye kalibu, nasubiri ipoe. Nikizidisha tone moja, kinatoka chambo chenye rangi ambayo samaki hajaiona tangu azaliwe, naye anakipita kama mtu anayempita mdai wake. Kwenye maji ya tope samaki anatafuta kivuli, kwa hiyo nampa cheusi. Kwenye maji maangavu nampa kitu cha kuona hadi ng'ambo. Sasa mimi niko huku mjini, katika chumba cha uani chenye dirisha moja. Maji nayaona kwenye bomba tu, tena si kila siku. Macho yangu ni wewe, na macho yangu yananiambia "kawaida."

Simu usinipigie, rangi haipigiwi simu. Nimekufungia vitambaa vyeupe, nimekata shuka langu la zamani. Chovya kimoja bwawani, kiache kilowe hasa, kianike kivulini, kikunje, mpe dereva wa lori la mchanga aniletee. Nitakilaza kwenye sahani nyeupe na kulinganisha tone kwa tone.

Wifi hajambo? Na Kifaranga? Mwambie shangazi yake ameandika gazetini juu ya wauzaji wanaochanganya mchanga kwenye chumvi. Mmoja wao alinifuata mlangoni kunitukana. Nikamsikiliza hadi mwisho, kisha nikamuuzia vyambo.

Dada yako,
Pilipili


Tarehe 24 Februari

Dada,

Sisi wazima. Shuka lako limefika. Wifi yako anauliza, mtu mzima akikata mashuka analalia nini? Nimemwambia wewe hulali, unagombana.

Kitambaa nimekichovya pale kwenye gati la mbao, mbele ya kibanda changu. Kifaranga alishika ncha moja. Tulipokitoa akasema, "Baba, kimekunywa chai." Basi ndiyo rangi, mimi sina la kuongeza. Tangu wafungue kile kiwanda cha kuosha mawe ya madini huko juu mtoni, maji yanashuka na rangi. Wanasema ni udongo tu. Wifi yako anayachuja kwa kitambaa kizito na kuyachemsha kabla hatujanywa.

Biashara haijalala. Wale mabwana wa Jumapili wenye kofia na magari wamekodi mitumbwi yote miwili. Wanavua samaki, wanampiga picha, wanamrudisha majini. Wifi yako huwatazama kama watu wanaopika chakula na kukimwaga. Lakini vyambo vyako wananunua. Vile vyeusi havishikwi tena na samaki. Wanataka kitu cha kuendana na maji ya sasa.

Wako,
Ndoana


Tarehe 5 Machi

Ndoana,

Hatimaye umeniandikia kwa lugha ninayoielewa. Kitambaa kimekaa mezani kwangu, na mtoto amesema kweli: ni chai, tena ya ofisini, ile inayochemshwa asubuhi na kupashwa hadi jioni.

Nimeharibu sufuria nzima kabla sijaipata. Rangi ya moto ni mwongo. Ndani ya sufuria unaona kahawia safi, ikipoa inakuwa nyekundu ya kidonda. Ikabidi niwe nadondosha tone kwenye sahani, nasubiri, natazama kitambaa, naongeza njano, nadondosha tena. Alfajiri hii nimeipata. Kahawia, njano kidogo, na chembe za shaba ili mkia ukitikisika umete. Nimeiita Chai ya Ofisini.

Usivichanganye na vyeusi kwenye mfuko mmoja! Mwaka jana ulifanya hivyo, rangi zikahamiana, ukawauzia watu vitu vyenye madoa kama ukurutu na ukasema ni toleo jipya.

Mchoro wa Kifaranga uliokuja na kitambaa nimeubandika ukutani. Je, yule mwenye pembe ni mimi?

Dada yako,
Pilipili


Tarehe 28 Machi

Dada,

Chai ya Ofisini imekwisha. Kambare wanaiparamia kama watu kwenye foleni ya kazi. Bwana mmoja alivua hadi mkono ukamuuma, akaniambia hajaona samaki wenye njaa hivi maisha yake yote. Wengine wamekonda, kichwa kikubwa, mwili mwembamba, lakini picha inatoka vizuri akimshikilia mbele.

Nakutumia kitambaa kingine. Utaona kimezidi. Sasa ni rangi ya chungwa, ya kutu hasa, na kwenye mawe ya ukingoni imeganda kama rangi ya mlango. Vifaranga vya samaki vinaelea pembeni asubuhi, Kifaranga wangu anavikusanya na fimbo. Nadhani ni joto. Wateja wanauliza kama unaweza kutoa chambo cha chungwa. Fanya haraka kabla maji hayajabadilika tena.

Wifi yako anasema ngozi inamwasha akifua. Ukiwa na mafuta mazuri huko mjini tuma.

Ndoana


Tarehe 4 Aprili

Ndoana,

Nilichukua kitambaa chako, nikawasha jiko, nikapasha plastiki, nikashika chupa ya njano mkononi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria jina la rangi mpya. Mdogo wangu, nilikuwa nachagua jina! Nikasoma tena pale ulipoandika vifaranga vya samaki vinaelea, na wifi anawashwa. Plastiki ikaungua sufuriani, chumba kikajaa moshi, nikatoka uani kukohoa. Tangu hapo nimekasirika.

Sisi wawili ni wajinga wa aina yake. Mtu mwingine akiona maji yamekuwa na kutu, anauliza nani ameyaharibu. Sisi tunauliza samaki atapenda rangi gani.

Hiyo si rangi ya joto. Hicho ni kiwanda kinawatemea mdomoni, nanyi mnachuja. Kitambaa cha wifi kinazuia majani na wadudu, hakizuii kilichoyeyuka. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chuma kikichemshwa kinabaki chuma. Acheni kunywa maji hayo. Acheni kupikia. Ile shule iliyo nyuma ya kilima ina kisima, uliniambia mwenyewe. Choteni huko, hata kama ni mbali, hata kama wifi atanitukana kila ngazi ya kilima.

Nao nitawaandika. Nina kitambaa chao hapa mezani, na gazeti limenipa nafasi Jumatano. Nitawauliza mabwana hao wa kiwanda kama wao wanayanywa. Nitawauliza jina la ofisa aliyetia saini kibali chao. Hawatalala.

Nijibu haraka kwamba mmeacha.

Dada yako


Tarehe 20 Aprili

Dada,

Makala yako imefika kabla ya barua yako. Aliyeileta ni meneja wa kiwanda, ameikunja ndani ya koti. Alikaa kwenye benchi langu, akauliza kwa upole, "Huyu Pilipili ni nani yako?" Nikamwambia ni jirani wa zamani. Nisamehe. Nina kibanda, mitumbwi miwili na mke, na yeye ana askari getini.

Wewe ukiandika unalala kwako. Jumapili iliyofuata lilikuja gari moja tu. Mabwana wamesoma kwamba bwawa lina sumu, wamekwenda kuvua kwingine. Vyambo vyako vimening'inia kibandani kama nguo za marehemu. Umewahi kufikiria hilo ulipokuwa unapanga maneno yako makali?

Haya, tumeacha. Furahi. Wifi yako anapanda kilima asubuhi na jioni na ndoo kichwani, na mimi nikiwa sina mteja nampokea njiani. Mgongo unamuuma hadi akiinama kuwasha moto anashika ukuta. Kifaranga naye ana kibuyu chake, akifika nyumbani kimebaki nusu, anasema kilima kimekunywa. Majirani wanatucheka. Wengine wameanza kutufuata, wengine wanasema tunajifanya watu wa mjini.

Sikukasirikii. Ninachoka tu.

Ndoana


Tarehe 11 Juni

Dada! Dada!

Kaa chini kwanza. Kunjua kitambaa. Umekiona? Hakuna kitu. Nimekichovya pale pale gatini, nimekiacha tangu asubuhi hadi adhuhuri, kimetoka cheupe kuliko ulivyokituma.

Maji yamerudi. Yamerudi kuliko yalivyokuwa! Yalianza kupauka wiki zile nilipokuwa nimenuna sikuandiki. Leo ukisimama gatini unaona chini kabisa, unahesabu mawe, unaona kiatu cha mtu kilichozama miaka. Meneja ameitisha mkutano, akasema wamesikia kilio cha wananchi, wameweka mtambo wa kusafisha. Alichota glasi mbele yetu, akainyanyua juani. Mtu akapiga makofi, wote tukapiga. Sikumbuki kama aliinywa.

Mabwana wa kofia wameanza kurudi kupiga picha tu, maana hawajawahi kuona maji kama haya. Nitengenezee vile vya kuona hadi ng'ambo, na chembe za fedha, vingi.

Swali moja, ni la wifi yako, ameniambia niliandike kama alivyosema: "Muulize msomi wetu, je, sasa naweza kuushusha mgongo wangu?" Mimi nimeona ni maji safi, lakini safari hii sitaki kelele zako. Sema wewe. Tunangoja jibu lako ndipo tuache kilima.

Ndoana


Tarehe 17 Juni

Mdogo wangu,

Nimelia, na mimi silii hovyo, wewe unajua. Nimekilaza kitambaa kwenye sahani nyeupe, nikashindwa kuona sahani inaishia wapi na kitambaa kinaanzia wapi. Miaka yote naandika, na watu wananiambia Pilipili, unawapigia kelele viziwi. Sasa ona! Makala tatu tu, na kiwanda chenye askari getini kimesalimu amri.

Mwambie wifi aushushe mgongo. Kunyweni. Pikieni. Ogeni. Kama kitambaa hakikuona kitu, hakuna kitu. Macho haya yamelinganisha rangi tangu kabla hujaota ndevu. Kilima mwachieni mbuzi.

Nimeandika makala ya nne, wameiweka ukurasa wa mbele. Kichwa chake: "Maji Yamesafika, Wananchi Wameshinda." Nakuambatishia nakala. Soma aya ya mwisho kwa sauti, nimewapiga kwa heshima, kama mtu anavyompiga mgonjwa begani.

Vyambo ni hivyo. Nimeviita Kioo. Ni vigumu kuliko vyote, maana visivyo na rangi havina pa kuficha kosa. Povu dogo tu linaonekana. Tone moja la buluu kwa sufuria nzima, basi, na fedha ya kutosha. Ukikishika juani unaona vidole vyako upande wa pili.

Mbusu Kifaranga. Mwambie shangazi ameshinda vita.

Dada yako,
Pilipili


Tarehe 9 Julai

Dada,

Nimechelewa kwa sababu simu imetumbukia bwawani nilipokuwa nafunga mtumbwi, nikafikiri nitaipata nikupigie, niache kuandika. Iko pale. Naiona vizuri, imelala kifudifudi juu ya jiwe. Kina ni kirefu, siifikii. Kila asubuhi naisalimia.

Kioo ni kizuri kwa macho. Kwa samaki bado. Bwana mmoja ametupa chambo tangu alfajiri hadi jua la utosi, hakikuguswa hata mara moja. Anasema unaona hadi chini, na chini hakuna kinachotembea. Labda samaki wamehamia kwenye kina kwa sababu ya mwanga. Wewe uliniambia maji maangavu samaki huwa waoga.

Makala yako meneja ameipenda mno. Ameitia kwenye fremu ya kioo na kuitundika getini, watu wanasimama kusoma. Akiniona ananiita "kaka wa Pilipili." Alijua siku zote, kumbe.

Jambo jingine zuri, mbu wameisha. Kabisa. Hata vyura huwasikii, usiku ni kimya hadi wifi yako anasema masikio yanamwuma. Tumefungua madirisha, chandarua tumekikunja.

Kifaranga tumbo linamsumbua kidogo, anatapika akila. Ni mafua ya tumbo, watoto wa jirani nao wanayo. Muuguzi wa zahanati amempa unga wa kuchanganya na maji, anywe mengi. Tunampa. Anakusalimu, anauliza kama shangazi aliyeshinda vita alipewa farasi.

Ndoana


Tarehe 14 Julai

Ndoana,

Barua hii nampa dereva mkononi sasa hivi. Msinywe. Mtoto asinywe hata tone. Unga wa muuguzi uchanganye na maji ya kisima cha shule, si ya bwawa. Mpeleke hospitali kubwa, usiishie zahanati, uwaambie alikunywa maji ya bwawa chini ya kiwanda cha madini. Useme hivyo hivyo.

Nimepiga simu yako kwa ukaidi tu, huku nikijua iko chini ya maji. Wifi hana. Kibanda cha jirani hakijibu.

Nilisoma mbu wameisha nikatabasamu. Nikasoma vyura. Nikamkimbilia jirani, mwalimu wa sayansi, nikamwonyesha vitambaa vyote vimepangwa: cha chai, cha kutu, cheupe. Nikatarajia anitoe wasiwasi. Aliweka kidole kwenye cheupe akaniuliza, "Hapa kuna kitu gani kinaishi?" Akanieleza kwamba yale mawe yakioshwa na kuachwa mvuani hutoa maji makali kama siki. Yakiwa makali kidogo, chuma kinaganda na kuonekana, ndiyo ile kutu. Yakizidi ukali, kutu yenyewe inayeyuka, na shaba, na risasi, na kila kilichomo kwenye jiwe, vinaingia ndani ya maji kama sukari. Ukichungulia huoni. Bwawa lililokufa ndilo linalong'aa. Hakuna mtambo wowote, Ndoana. Wamezidisha.

Mimi nayeyusha vitu kila siku ya maisha yangu. Naona plastiki nyeupe kama maziwa inavyogeuka angavu nikiizidishia moto, na najua vyote bado vimo ndani. Na bado nilitazama kitambaa nikadhani angavu maana yake tupu.

Ningepanda lori na dereva leo hii. Lakini lazima kwanza makala ile ifutwe, maana watu wanaisoma pale getini. Nimetoka gazetini. Mhariri anasema hawezi kuandika ushindi wiki nne zilizopita na msiba leo, watu watacheka, nilete vipimo vya maabara. Nimemwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ninaandika makala nyingine, nitaipeleka kwa gazeti jingine, na jingine. Ikitoka tu, nakuja.

Mdogo wangu, nijibu. Neno moja tu nilione.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Wifi,

Ni mimi ninayeandika, mdogo wako haandiki. Mwandiko wangu ni mbaya, vumilia.

Barua yako dereva aliileta watu wa msiba wakiwa wamejaa ndani. Niliiweka chini ya godoro, nikaisoma walipoondoka. Kifaranga tumemzika. Usiku wa mwisho hakulia. Alikuwa na kiu. Alikuwa anaomba maji, nami nikampa, kwa kijiko, kisha kwa kikombe, kwa sababu muuguzi alisema mengi. Nilikwenda kuyachota mwenyewe gatini, nikachagua pale yanapong'aa.

Mdogo wako alikuficha. Tumbo halikuanza juzi. Lilianza wiki ile ile tulipoacha kilima. Alisema nisikuandikie, dada amefurahi, tusimharibie.

Nilimsomea barua yako. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema si maji. Akasema ni homa, ni mafua ya tumbo, ni muuguzi, ni Mungu. Nikamwambia dada yako ndiye anayesema. Akatoka nje. Kesho yake nilimkuta gatini amepiga magoti, anakunywa kwa viganja viwili, ananitazama huku anakunywa. Amefanya hivyo kila siku tangu hapo. Nimelia, nimempiga, nimewaita majirani wamshike. Anataka yasiwe maji yaliyomuua, wifi. Yakiwa maji, ni sisi tuliompa. Sasa na yeye anatapika, ufizi umekuwa na mstari mweusi. Amelala hapa nyuma yangu nikiandika. Namnywesha ya kisima kwa kumdanganya kwamba ni ya bwawa.

Vile vya Kioo ulivyotuma vimebaki. Sijui nivifanyeje, sikuvitupa.

Sasa sikiliza nililokuandikia. Baada ya mazishi nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nikawaambia mama wenzangu, msiwape watoto. Mmoja alinishika mkono, akanikalisha, akasema pole, akaninywesha glasi ya maji yale yale. Wengine wananiogopa, wanasema msiba umenipanda kichwani. Mwenye duka alinijibu, "Pilipili mwenyewe, aliyewatukana wale mabwana wa kiwanda kuliko sisi sote, amesema ni salama. Wewe unajua kuliko yeye?" Nikamwambia Pilipili ameghairi. Akasema, "Ameghairi wapi? Nionyeshe." Sina cha kumwonyesha. Barua yako nilimpa, akasema mwandiko wa mtu yeyote ni mwandiko. Meneja juzi alisimama kwenye mkutano, akasoma aya yako ya mwisho, yote, kwa sauti nzuri. Watu wakapiga makofi. Kisha wakaenda kuchota.

Watoto wawili wa jirani wameanza kutapika. Wa fundi viatu na yule mdogo wa mwenye duka mwenyewe.

Umeandika kwamba unatunga makala nyingine, ikitoka ndipo uje. Wifi, nilikuheshimu tangu siku naolewa, sijawahi kukukatiza. Leo nakukatiza. Acha kuandika. Huku hakuna anayesubiri gazeti. Wanataka kukuona mdomo ukitamka. Panda lori lolote, hata la mkaa, hata ukiwa na nguo ulizovaa.

Na ukifika usije kwanza nyumbani kulia. Shukia getini. Vunja ile fremu mbele yao, usimame hapo ulipotundikwa uongo wako, useme wewe ndiye uliyeuandika. Wakikutukana waache wakutukane. Wakikupiga waache. Ukimaliza chukua ndoo, upande kilima na mimi, waione iko kichwani kwako. Makaburini nitakupeleka baadaye. Kule hakuna haraka. Hapa wanachota sasa hivi, nawaona dirishani.

Wifi yako,
Mama Kifaranga